Koti Kitini, Mtu Hayupo

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa, na mwezi uliofuata nikawa mtu wa kazi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kugawanya lakini hajafika kwenye baki. Mpaka leo baki siijui vizuri, ingawa nimegawanya vitu vingi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulisha miwa kwenye kinu cha sukari nguru, upande wa Kabras. Baadaye nikakua, nikawa mkataji, kisha mpakiaji wa trela. Miaka kumi na mmoja hiyo. Mgongo wangu una historia ambayo daktari akiiona anaita wenzake. Jioni nilikula obusuma, ndio ugali wetu, na mboga za majani, nikaanguka kwenye mkeka, nikalala mpaka jogoo akachoka kuwika.

Nimeyasema hayo mapema ili niyamalize. Wazee wenzangu wakianzia hapo hawatoki. Watawaambia nyinyi vijana mnaokaa kwenye viti vya ofisi vyenye magurudumu kwamba taabu hamuijui, na kwamba hizo stresi zenu ni ugonjwa wa watu walioshiba. Mimi siwaambii hivyo. Nimebeba miwa miaka kumi na mmoja, nikabeba chai ofisini miaka thelathini na minane, na watu wengi niliowaona wakivunjika walivunjikia kwenye kiti. Mkataji akichoka analala. Karani akichoka anakodoa macho kitandani mpaka asubuhi, halafu anavaa tai. Taabu yangu ni yangu. Si fimbo ya kumchapia mtoto wa mtu.

Nilikuwa tarishi. Siku hizi kazi hiyo ina majina marefu, lakini maana yake ni kubeba: faili, barua, chai, muhuri, na mara nyingine matusi. Ofisi ilikuwa ya kampuni moja ya miwa huku kwetu Kakamega, na jina lake nitaliacha huko huko. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Lusimba, tarishi aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisa. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliangalia viatu vyangu, akaniambia nitembee mpaka mwisho wa korido nirudi.

"Vinalia," akasema.

"Ni vipya, mzee."

"Tarishi mwenye viatu vya kulia hasikii kitu. Nenda uweke soli ya tairi."

Nikaweka soli ya tairi. Kweli, nikaanza kusikia.

Mzee Lusimba ndiye aliyenifunza kusoma vikombe. Sizungumzii uganga. Alisema mtu atakudanganya kwa mdomo, atakudanganya kwa meno, lakini kikombe chake kinarudi jikoni na habari kamili. Kikirudi kimekauka, huyo hakula kwake asubuhi. Kikirudi nusu, ameitwa na mkubwa. Kikirudi kimejaa, na ngozi ya maziwa imelala juu, siku ya kwanza nyamaza. Siku ya pili uliza habari za nyumbani. Siku ya tatu vuta stuli, kaa, na usitoke hapo mpaka mtu huyo aongee. "Hata akikufukuza?" nikamuuliza. "Akikufukuza ameongea," akasema.

Elimu hiyo hakuna chuo kinachoifundisha. Mnasoma miaka minne, mnapewa kofia ya pembe nne, halafu mwenzako wa meza ya pili anaacha kunywa chai mwezi mzima na hujaona.

Lakini msifikiri nilikuwa nabii. Mwaka wangu wa pili nilitumwa kupeleka bahasha kwa karani mmoja wa stoo. Ilikuwa nzuri, nyeupe, na nembo ya kampuni. Wakati huo Kiingereza kwangu kilikuwa michoro tu. Nikafika nimetabasamu, nikampa mkono, nikasema hongera bwana, leo utatununulia soda. Akafungua. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniangalia, akasema polepole, "Asante, Makokha." Sijawahi kutukanwa vikali kama na hilo asante. Mwezi huo huo nikajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, nikakaa dawati moja na mama mwenye wajukuu, na nikajifunza kusoma mpaka nikaweza kujua ninachokibeba.

Sasa niwaambie kuhusu makoti, maana ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Mtu aliyefanya kazi ofisi za Kenya anaijua siri hii, na asiyeijua ataijua wiki ya kwanza. Ukitaka kutoka, unaacha koti kwenye kiti. Mkubwa akipita akaona koti, anajua mtu yupo, ametoka kidogo. Koti linaweza kufanya kazi siku nzima bila kwenda msalani. Wengine walikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kuajiriwa.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa jambo hilo, na sitajificha. Kabati la tarishi lilikuwa na kufuli, na humo nilikuwa nimetunza makoti manne ya watu wanne. Mtu akinipigia simu saa moja na nusu asubuhi, "Mzee, nitundikie," hiyo ilitosha. Saa mbili kasorobo ninatundika. Nilifanya kazi safi. Kuna watu wanaotundika koti limenyooka kama la dukani, na hao hushikwa. Koti lazima bega moja lishuke kidogo. Unawasha kompyuta. Unafungua faili katikati, si mwanzoni. Unaweka kalamu bila kifuniko. Halafu chai, na chai usijaze, weka nusu, ionekane mtu ameinywa akaitwa. Saa nne ninarudi, ninamwaga, ninaweka nusu nyingine ya moto, mvuke utoke. Mkubwa akiuliza, ninasema, "Ametoka kidogo." Nilijiona mjanja sana.

Mmoja wa wenye makoti hayo alikuwa Namasaka. Huyu alikuwa karani wa ratiba ya mavuno. Mtoto wa watu wa Malava, mpole, mtu wa kwaya, umri wake kama wa kifungua mimba wangu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dirisha na daftari la zamu, kuwaambia wakulima miwa yao itakatwa lini. Na hapo ndipo sumu ilipokuwa. Namasaka hakuwa anakata miwa. Hakuwa na trekta. Hakuwa na sahihi ya kutuma wakataji hata kwenye shamba la mama yake. Zamu ilipangwa ghorofani, ikapanguliwa ghorofani, mtu mwenye jina kubwa akapiga simu akarushwa juu ya orodha, na trekta zikiharibika zilikaa gereji zikingoja vipuri. Lakini mkulima aliyetoka Navakholo kwa boda boda, na miwa yake inakauka shambani ikiisha utamu, hakwenda ghorofani. Alikwenda dirishani. Alimkuta Namasaka.

"Wewe kijana, miwa yangu ina miezi ishirini na mitano. Unangoja ife niizike?"

"Pole, mzee. Zamu yako imesogezwa."

"Imesogezwa na nani?"

Angesema ni nani, angefutwa. Asiposema, ni yeye. Kutwa nzima, mtu baada ya mtu. Jioni anatoka, wakulima wana namba yake, simu inalia. Akizima simu ya wakulima, kuna lile kundi la simu la ofisi ambalo meneja aliandika ndani yake hata watu wakiwa wanakula: Namasaka, kwa nini watu wamejaa langoni, Namasaka, naomba ripoti kabla ya saa mbili. Nyinyi mnaiita kazi. Mimi naiita kumfunga mtu kamba kwenye mti kisha kumwuliza kwa nini hatembei.

Alipoanza kuniomba nimtundikie, nilifurahi. Nikasema moyoni, angalau huyu naye amejifunza kupumua. "Naenda kuona shamba, mzee," alisema mara ya kwanza. Nikacheka, nikamwambia apande na maharagwe. Siku ya pili akapiga tena. Ya tatu pia. Ikafika siku tisa za kazi. Siku tisa nilitundika koti la Namasaka, bega moja chini, nikaweka kikombe nusu. Na mimi niliyejidai msomaji wa vikombe nilikuwa namwaga chai niliyoiweka mwenyewe. Dirishani walimweka mwanafunzi wa mafunzo, akawaambia wakulima karani ametoka kidogo, kama alivyosikia kwangu.

Siku hiyo ya tisa, saa tano hivi, mkewe akaja. Namfahamu, anaitwa Selina, anashona nguo sokoni. Alisimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Mulembe, mzee. Nimekuja kuona baba ya watoto. Simu yake haishiki."

Mdomo wangu ukafanya kazi uliyozoea. "Yuko, mama. Ametoka kidogo."

Akaliangalia koti. Akaenda mpaka kwenye kiti, akapitisha kidole kwenye bega, akanionyesha kidole.

"Hii koti iko na vumbi, mzee."

Nikalipangusa lile bega kwa kiganja.

"Anatokanga nyumbani saa kumi na mbili. Amevaa shati nimepiga pasi. Anarudi jioni ananiambia kazi ilikuwa mingi. Hakuli. Anakaanga kwa kitanda anaangalia mlango." Sauti yake haikupanda. "Sasa kama hayuko hapa, na hayuko nyumbani, mume wangu anakuwanga wapi?"

Vijana, nimekatwa na panga mara mbili shambani. Swali hilo liliingia ndani zaidi. Nyuma yangu ofisi nzima ilikuwa imeinamisha vichwa kwenye kompyuta. Mmoja akanong'ona kwamba labda kuna mwanamke. Mwingine akasema huyo amerogwa na wakulima. Nikavua aproni ya chai, nikamwambia Selina aketi, nikatoka bila kumuaga mtu yeyote.

Nilikwenda kwenye kituo cha boda boda cha barabara ya kwao Namasaka, nikauliza anayembebaga yule karani wa miwa. Kijana mmoja akainua mkono. "Huyo mimi ndio humbebanga kila asubuhi. Namwachanga hospitali."

"Hospitali? Ana mgonjwa?"

"Sijui, mzee. Anashukanga getini, ananilipa, anaingia. Hata mfuko wa uji hana."

Nikampata Namasaka sehemu ya wagonjwa wa nje, kwenye benchi refu, katikati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee mwenye mguu uliovimba. Amevaa shati lake la pasi. Mikono imelala magotini kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nikamsukuma kidogo, nikaketi.

"Unangoja nini?"

Hakushtuka. "Nangoja kuitwa."

"Umejiandikisha?"

"Hapana."

"Sasa watakuita na jina gani? La kwaya?"

Akatabasamu upande mmoja tu. Halafu akaniambia, polepole, macho yake yakiwa kwenye dirisha la kuandikisha. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwenda kazini, kwa nia kabisa. Wakikaribia lango la kampuni moyo ulianza kukimbia, jasho likamtoka, akashindwa kutoa nauli mfukoni. Siku ya kwanza alimwambia kijana wa boda boda ageuze, amlete hospitali, akafikiri anakufa. Alipofika kwenye benchi moyo ukatulia. Akaona aibu. Angesema anaumwa nini? Watu walikuwa wanasogea kwenye benchi, naye alisogea nao, na akibakisha mtu mmoja kufika dirishani aliinuka akarudi mwisho. Kutwa nzima. Kesho tena.

"Hapa hakuna mtu ananiuliza kitu, mzee," akasema. "Hapa kila mtu anangoja tu. Hakuna anayenilaumu kwa foleni."

Siku tisa. Mtu aliyepanga foleni za wengine alikwenda kujificha ndani ya foleni. Na mimi nilikuwa namwekea chai ya moto mahali asipo.

Sikumwambia jikaze. Nawaomba mlifute neno hilo. Sikumwambia mwanamume halii, wala sikumwambia habari za kinu cha sukari nguru. Niliinuka nikaenda dirishani mwenyewe, nikatoa jina lake, na binti wa kuandikisha akauliza bila kuinua uso:

"Shida ni nini?"

"Andika kazi."

"Nauliza ugonjwa, mzee."

"Ndiyo nimekuambia. Andika kazi. Daktari ataelewa."

Akaniangalia, akamwangalia Namasaka, akaandika kitu. Na daktari alielewa. Alikuwa kijana kuliko Namasaka, lakini alifunga mlango, akamsikiliza mpaka akaisha. Akamwambia ugonjwa huo una jina, una dawa, una mtu wa kuongea naye kila wiki, na si wa kurogwa. Akampa karatasi ya mapumziko ya wiki mbili kuanzia siku hiyo. Nikamrudisha kwa mkewe. Selina hakuuliza lolote. Alimshika mkono kama mtu anayevuka barabara na mtoto, wakaenda.

Lakini kuanzia siku hiyo ni kuanzia siku hiyo. Zile siku tisa za nyuma zilibaki wazi. Ofisi ilikuwa imeshajua koti lilikuwa peke yake. Wiki mbili zilipoisha Namasaka akaitwa kikaoni kujibu kosa la utoro na udanganyifu. Mkisikia neno utoro, mtu anaonywa. Udanganyifu ni kufukuzwa, na karani aliyefukuzwa kwa udanganyifu hapati dirisha lingine popote katika kaunti hii. Ana watoto watatu. Na yule daktari alikuwa amemwambia Selina pembeni asimwache peke yake siku mambo yakienda vibaya.

Kwenye kikao alikaa meneja, Madam Rispa anayeshughulikia wafanyakazi, na wakuu wawili wa idara. Namasaka alikuwa upande wa pili wa meza, amevaa shati lake la pasi. Mimi sikuitwa. Mimi niliingia na trei, maana hakuna kikao Kenya kinachoanza bila chai.

"Namasaka," meneja akasema, "koti lako limekuja kazini siku tisa. Wewe hukuja. Hiyo tuite nini?"

"Nilikuwa hospitali, bwana."

"Karatasi yako haisemi hivyo. Nani alikuwa anakutundikia?"

Namasaka akainamisha kichwa. Hakunitaja. Angenitaja angepona nusu, na hakunitaja. Nikaweka kikombe cha meneja mbele yake.

"Nilitundika mimi," nikasema.

"Mzee Makokha, weka chai uende."

"Chai imefika, bwana. Sasa mimi ndio nimefika."

Nikatoka, nikafungua kabati, nikarudi na makoti yaliyobaki, matatu, juu ya mkono kama muuza mitumba. Nikayalaza mezani moja moja. La kahawia. La kijivu. La tatu lilikuwa la buluu, lenye vifungo vya dhahabu, na hakuna mtu katika jengo lile asiyejua ni nani anayevaa buluu yenye vifungo vya dhahabu. Wakuu wa idara wakaanza kusoma karatasi zilizokuwa mbele yao, na nawaambia zile karatasi zilikuwa tupu.

"Kila mwenye lake achukue," nikasema.

Hakuna mkono uliosogea. Madam Rispa akakohoa. "Mzee, yarudishe tu."

"Sirudishi, madam. Mimi nimetundika bila ubaguzi. Hawa wengine walikwenda kuangalia ng'ombe wao na majengo yao, na sikuwauliza. Huyu alikwenda hospitali. Kama kosa ni koti, tuandikiwe barua wote hapa mezani. Kama kosa ni kwamba huyu ni mgonjwa na nyinyi ni wazima, semeni hivyo, mwandike hivyo."

"Unanitisha?" meneja akauliza.

"Nina miaka hamsini na tisa, bwana. Kutisha watu ni kazi ya vijana. Nakuambia tu nilichokibeba. Huyu mmemweka dirishani atukanwe kwa niaba yenu. Hana trekta, hana sahihi, hana hata ruhusa ya kutaja jina la aliyepangua zamu. Mtu anabeba mzigo akijua utashuka wapi. Yeye mmemwambia abebe asimame. Bandikeni orodha ya zamu ukutani, nje, kila mkulima aisome, na aliyerushwa juu yake aonekane. Mtaona kama moyo wake utakimbia tena."

Meneja hakugusa kikombe chake. Chai yake ikashika ngozi. Mwishowe akasema kikao kimeahirishwa, akatoka. Koti lake la buluu alilipita pale pale mezani. Jioni nilipokwenda kufagia halikuwepo.

Namasaka hakufukuzwa. Siku tisa zilikatwa kwenye likizo yake, akatolewa dirishani akapelekwa stoo ya mbegu za miwa, mahali ambapo kitu unachokihesabu hakikutukani. Orodha ilibandikwa ukutani msimu mmoja, halafu mvua ikailoa, na hawakubandika nyingine. Sitawadanganya kwamba ofisi ilitubu. Ofisi haitubu. Lakini aliyefuata dirishani alikuwa amesikia, na alipoanza kurudisha vikombe vimejaa, hakungoja siku tisa. Alikwenda mwenyewe kwa Madam Rispa akasema, na hakufa kwa kusema.

Namasaka bado anakunywa dawa. Bado anakwenda kliniki kila mwezi, na akifika anatoa jina lake dirishani. Kuna asubuhi ambazo Selina bado anamsindikiza mpaka langoni. Watu wengine humcheka. Waambieni nimesema hivi: mwanamume anayesindikizwa na mkewe akafika kazini ameshinda yule anayekwenda peke yake asifike.

Mimi waliniandikia barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na minane. Wakaninyang'anya trei, wakanipeleka kufungua na kufunga lango mwaka wangu wa mwisho. Walidhani wamenidhalilisha. Langoni kuna upepo. Na sikumtundikia mtu koti tena. Aliyeomba nilimwuliza kwanza anakwenda wapi, na kama jibu lilikuja polepole, nilivuta stuli. Siku ya kustaafu wenzangu wote wa miaka hiyo walipewa blanketi na saa ya ukutani mbele ya watu. Mimi nilisaini kitabu, nikafunga lango kwa nje, nikaenda zangu.

Basi nyinyi mlioajiriwa juzi, sikieni neno la mtu wa darasa la tatu. Simu ya kazi ikilia mnakula, kuleni kwanza. Trekta haitapona kwa sababu umejibu. Mkiwekwa mahali pa kulaumiwa bila uwezo wa kutengeneza, ulizeni kwa maandishi nani ana sahihi, na muweke nakala. Moyo ukikimbia mkiona lango, msiuite uvivu, na msikubali mwingine auite hivyo. Na mwenzako akiacha kunywa chai, usimfichie kama nilivyoficha mimi. Nilidhani nafanya wema. Nilikuwa nafunika shimo kwa majani.

Nilianza bila baba na bila baki. Leo nina ekari moja na robo tatu Navakholo, na hati iko kwa jina langu. Nina nyumba ya vyumba vinne, ya matofali niliyoyachoma mwenyewe. Nina ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Kuku kumi na sita, nikitoa yule ambaye wageni watamkuta Jumapili. Mashine ya kusaga mahindi, inayokwaruza lakini inasaga. Baiskeli moja. Cheti cha masomo ya watu wazima. Mke yule yule. Presha, ambayo naimezea kidonge kila asubuhi bila kuona haya. Na barua moja ya onyo, yenye muhuri wa kampuni na sahihi yangu chini, iliyowekwa fremu na kutundikwa sebuleni mahali ambapo wengine huweka saa.